Yuniti ya Maandazi

Wiki ya tatu ya atachimenti yangu niliandika hivi kwenye logibuku: "Nilishiriki katika usimamizi wa rekodi za ofisi." Msimamizi akatia sahihi bila kusoma. Ukweli ni kwamba siku hiyo nilitumwa maandazi kumi na mawili, nikachemsha chai, nikarudisha faili tatu kabatini, nikakaa. Kesho yake niliandika sentensi hiyo hiyo, ila "nilishiriki" ikawa "nilisaidia". Wiki nane zikaisha, nikaandika ripoti ya kurasa ishirini, na mpaka leo kwenye matokeo yangu kuna A ya atachimenti. Ofisi yenyewe siitaji. Watu wa pale walinipenda na chai yangu waliisifu. Lakini mimi nilikuwa mwanafunzi wa historia, na kwa wiki nane sikufanya historia hata siku moja.

Na siko peke yangu. Tuliosoma pamoja tulitawanyika mwaka huo kama siafu. Mmoja alipelekwa kuhesabu mali kwa supamaketi, mwingine akawa anajaza fomu za vitambulisho kwa chifu, mwingine alikaa kwa mapokezi ya sacco akisema "tafadhali subiri" kuanzia asubuhi mpaka jioni. Sote tulipata yuniti. Sote tulihitimu tukijua historia ya Ulaya ya karne ya 19 kuliko tunavyojua kilichotendeka Rosterman, ambapo baadhi yetu tulikuwa tumepanga vyumba.

Kama bado uko sekondari na hujui atachimenti ni nini, iko hivi. Ukifika mwaka wa tatu, chuo kinakupa barua ya kukutambulisha, unatafuta ofisi itakayokukubali, unashikilia bima ya ajali, unapewa logibuku ya kujaza kila siku. Mhadhiri anakuja kukuona mara moja au mbili, mwisho unaandika ripoti, na yote hayo yanahesabiwa kama yuniti, sawa na darasa lolote ulilokaa na kufanyia mtihani. Karo unalipa pia. Huko Marekani wanafunzi wamelalamikia jambo hili hili kwa miaka: unalipia karo ile nafasi ya kufanya kazi bila mshahara.

Barua yangu ilikuwa na maneno ambayo kwa Kiswahili ni "mafunzo ya viwandani". Sheria ya nchi inayosimamia haya mambo ni ya mafunzo ya viwanda, na shirika lake la NITA linakusanya shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi kutoka kwa waajiri. Mtu wa umeme anaelewa. Mtu wa chakula anaelewa. Sasa mtu wa historia kiwanda chake kiko wapi? Nilipouliza swali hilo darasani watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Kumbe jibu lilikuwa hapa hapa mjini.

Kakamega kuna kituo cha kumbukumbu cha serikali. Kiko chini ya Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, ile ya Nairobi iliyo kwenye jengo la zamani la benki pale Moi Avenue, karibu na mahali watu wote hukutania. Nchi hii ina vituo vichache tu vya namna hiyo nje ya Nairobi, na kimoja tumepewa sisi, cha kutunza karatasi za Magharibi. Nilikaa Kakamega miaka minne kabla ya kujua. Nilijua mahali pa kupata chapati nne na maharagwe kwa bei ya mwanafunzi, nilijua njia zote za mkato kutoka Lurambi, lakini hicho kituo sikukijua, na hakuna mhadhiri aliyewahi kusema, "Nendeni pale."

Kwa nini nishughulike na makaratasi ya zamani? Nitakupa sababu moja, na iko chini ya miguu yetu.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya amana ya ardhi za wenyeji. Waafrika waliambiwa kwamba ardhi ya riziavu ni yao milele, na ikibidi kipande kichukuliwe kwa kazi ya serikali, watapewa kipande kingine cha thamani hiyo hiyo. Mwaka uliofuata, 1931, mlowezi Mmarekani aliyeitwa L. A. Johnson akapata dhahabu hapa. Wazungu wakaja kwa mamia, wengi wao wakulima waliokuwa wamefilisika kwa sababu bei za mazao zilianguka dunia nzima. Mahema yakajaa, vigingi vikapigwa katikati ya mashamba ya watu. Na Desemba 1932, miaka miwili tu baada ya ile "milele", sheria ikarekebishwa haraka haraka: ardhi ya madini ingeweza kutolewa kwenye riziavu bila kutafuta ardhi nyingine ya kufidia. Utapewa pesa. Wala haikuwa lazima kuwauliza wenyeji kwanza.

Mambo hayo yaliwasha moto mpaka bunge la Uingereza likayajadili mapema 1933. Huku nyumbani hasira ya ardhi ilikuwa sehemu ya kilichozaa North Kavirondo Central Association, chama ambacho wazee wetu walikitumia kudai haki zao miaka hiyo ya 1930. Mgodi wa Rosterman ulichimbwa mpaka 1952, ukafungwa. Mwanahistoria Priscilla Shilaro aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, A Failed Eldorado, kilichotoka 2008. Kitafute. Mimi nilikisoma baada ya kuhitimu, ndipo nikakasirika.

Sasa weka hilo kando ya habari za leo. Shanta Gold ilinunua mradi wa dhahabu wa West Kenya mwaka 2020, na pande za Ikolomani, eneo la Isulu na Bushiangala, familia zinauliza: tutahamishwa? Tutalipwa nini, pesa au ardhi? Nani alitusemea tukakubali? Mazee, hayo ni maswali ya 1932! Yameulizwa tayari, yameandikwa, yamejibiwa vibaya, na majibu yake yako kwenye faili. Sisemi mgodi ni mzuri au mbaya, hilo ni la watu wa Ikolomani wenyewe kuamua. Ninachosema ni kwamba mtu anayekaa kwenye mkutano wa hadhara bila kujua babu zake waliahidiwa nini, na ahadi ilidumu miezi mingapi, anaanza mazungumzo akiwa amefungwa mkono mmoja. Na wa kumfungua huo mkono angekuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyekaa wiki nane akisoma, akinakili, akipanga, kisha akarudi kijijini na kurasa kumi za Kiswahili safi ambazo hata mama wa sokoni Khayega anaweza kuzisoma. Badala yake mwanafunzi huyo alikuwa ananunua maandazi.

Huenda unaniona naota. Eti wanafunzi wa shahada ya kwanza wafanye historia ya maana? Ngoja nikupeleke Tanzania kidogo.

Mwaka 1968 idara ya historia ya chuo cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wake kusini mwa nchi kukusanya habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907. Waliowaongoza ni Gilbert Gwassa na John Iliffe. Wanafunzi hao walikuwa vijana wa rika letu. Walienda vijijini, wakawatafuta wazee, wakauliza, wakaandika, wakarudi na ripoti, na ripoti hizo zikakusanywa pamoja kama kazi za Mradi wa Utafiti wa Maji Maji. Kabla ya hapo vita hivyo vilijulikana zaidi kwa maandishi ya Wajerumani. Mpaka leo mtu yeyote anayeandika juu ya Maji Maji, awe profesa wa Berlin au wa wapi, lazima apitie kwa kazi ya wale wanafunzi.

Piga hesabu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1905 alikuwa na 83 mwaka 1968. Wangechelewa miaka kumi tu, wangekuta makaburi.

Huku kwetu pia. Gideon Were alikusanya masimulizi ya wazee wa Magharibi miaka ya 1960, na mwaka 1967 akachapisha historia ya Abaluyia kuanzia karibu 1500 mpaka 1930, pamoja na kitabu kingine chenye masimulizi yenyewe. Alikuwa kijana anayetafuta shahada yake ya udaktari. Wengi wenu mnaobishana mitandaoni ukoo gani ulitoka wapi, mnanukuu kazi yake bila kujua jina lake.

Na hadithi ninayoipenda kuliko zote inahusu masanduku. Wakati Waingereza wanaondoka Kenya walibeba faili nyingi za siri. Kwa miaka mingi serikali ya kule ilikaa kimya. Wazee wa Mau Mau waliposhtaki London kwa mateso ya kambini, ndipo mwaka 2011 ikakubali kwamba masanduku 300 hivi ya karatasi za Kenya yako mahali panapoitwa Hanslope Park. Wanahistoria wakaitwa kusaidia kesi, akiwemo Caroline Elkins wa Harvard, na Elkins akawa na timu ya wanafunzi na wasaidizi wa utafiti wakipekua kurasa moja baada ya nyingine, kwa muda mfupi, kesi ikiwa inasubiri. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Sitaki kudanganya kwamba wanafunzi ndio walioshinda kesi. Kesi ni ya wazee wenyewe, makovu ni yao, na miaka ya kungoja ni yao. Lakini kuna wanafunzi walioshika karatasi za Kenya zenye uzito huo mikononi mwao, na walikuwa wanafunzi wa Marekani.

Hilo huniuma kwa namna fulani, na kuna lingine linalofanana nalo. Chuo cha Syracuse, jimbo la New York, kilipiga filamu ndogo za nyaraka zetu za kitaifa miaka ya 1960, zikiwemo ripoti za kila mwaka za mikoa na wilaya. Kwa hivyo kijana wa kule, akitaka, anavaa koti lake la baridi, anavuka barabara, anasoma mkuu wa wilaya aliandika nini kuhusu Kavirondo Kaskazini. Yaani kuhusu sisi. Kijana wa Amalemba je?

Sawa, turudi kwa yuniti, kwa sababu najua wahadhiri wengine watasema mimi ni wa kelele. Kuna pingamizi tatu nimezisikia. Ya kwanza: nyaraka za zamani ni dhaifu, huwezi kumpa kila mtu azishike. Kweli kabisa. Ndiyo maana kabla ya atachimenti kunafaa kuwe na mafunzo ya kushika karatasi, ya kusoma mwandiko wa kale, na ya kumhoji mzee bila kumwekea maneno mdomoni na bila kurekodi kabla hajakubali. Sisi tulifundishwa jinsi ya kuandika ukurasa wa shukrani kwenye ripoti. Ya pili: nafasi ni chache. Hapo nakataa. Isukuti ya Isukha na Idakho iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Kwa dharura! Nani anaandika majina ya vijiji, majina ya nyimbo, ngoma inatengenezwa kwa mti gani, nani amebaki anayejua kuitengeneza? Hizo ni wiki nane za wanafunzi hata hamsini. Kuna makanisa yenye daftari za ubatizo za zaidi ya nusu karne. Kuna shule zenye vitabu vya kumbukumbu vinavyoliwa na mchwa stoo. Kuna kituo cha utamaduni cha Nabongo kule Matungu. Ukivuka Lugari ukaendelea, kuna makavazi ya Kitale, yaliyofunguliwa 1974 kutokana na mkusanyo wa mlowezi mmoja aliyeitwa Stoneham. Kisumu kuna mengine. Nafasi si chache, barua ndizo zinatumwa mahali pamoja.

Ya tatu ni pesa, na hii siibishii. Mimi nilitumia karibu shilingi 200 kila siku kwa nauli na chakula. Siku 40, ni 8,000, na hakuna aliyenirudishia hata shilingi. Rafiki yangu alipata nafasi nzuri kweli, ya kazi ya historia halisi, katika mji mwingine. Akapiga hesabu ya kodi ya chumba, akaikataa, akaenda kwa mjomba wake mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Logibuku yake inasema "usimamizi wa rekodi", kama yangu. Ukisema atachimenti ya historia iwe ya kweli bila kusema nani atalipa nauli, unamwachia historia mtoto wa mtu mwenye gari. Hapo kaunti ingeweza kusaidia bila hata kutoa mamilioni: wanafunzi kumi, wiki nane, nauli na chakula kwa bei yangu, ni shilingi 80,000. Nimeona mabango ya kukaribisha wageni yenye bei kubwa kuliko hiyo.

Lakini kuna kitu kimoja hakihitaji pesa, nacho ni kubadilisha kinachopewa alama. Sasa hivi tunapewa alama kwa kuhudhuria na kwa ripoti inayoeleza "changamoto na mapendekezo". Ripoti ile haisomwi tena na mtu yeyote. Ingekuwa yuniti inatolewa kwa kitu unachoacha: faili mia mbili zilizoorodheshwa vizuri mtu mwingine azipate, au mahojiano matano yaliyoandikwa neno kwa neno na nakala moja ikabaki kwa familia ya mzee, au ramani ya mashimo ya zamani ya Rosterman ikionyesha lipi liko karibu na nyumba ya nani. Mhadhiri akija kukagua, haulizi "unafika saa ngapi?" Anasema, "Nionyeshe." Kama hakuna cha kuonyesha, hakuna yuniti. Mimi ningefeli, na ningestahili.

Baada ya kuhitimu nilijaribu kujilipa lile deni. Kuna kukhu mmoja jirani yetu, amepita miaka themanini. Nilienda kwake Jumapili moja na kilo ya sukari, nikamwambia nataka kusikia mambo ya Rosterman. Akaniangalia kwa muda. "Mwana wanje," akasema, "mbona hamkuuliza wakati mama yangu yuko?" Mama yake alikuwa anawauzia wachimbaji chakula. Kukhu akiwa mtoto ndiye aliyebeba maji. Alinieleza bei ya sahani, alinieleza jinsi walivyojua siku ya mshahara kwa sauti ya watu wakishuka njiani, alinieleza shamba la nani lilipigwa vigingi na mwenyewe akafanya nini usiku. Hilo la usiku akaniomba nisilitangaze, kwa hivyo silitangazi. Mambo hayo huyapati kwa ripoti ya mkuu wa wilaya, kwa sababu mkuu wa wilaya hakuwa anakula kwa mama yake.

Nilirekodi, baada ya kumwomba ruhusa. Dakika 41. Nimeuliza ofisi mbili kama kuna mahali naweza kuipeleka ihifadhiwe, moja ikaniambia nilete barua kutoka chuoni, nyingine ikaniambia nirudi wiki ijayo. Chuo nako si mwanafunzi tena. Kwa hivyo iko kwa simu yangu, na nakala iko kwa simu ya dadangu, na kukhu ameniambia bado hajanieleza habari ya daraja. Jumapili narudi.